Waliokwenda dirishani

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu ya asubuhi ikiwa imepita kidogo, watu waliokuwa maofisini katikati ya Nairobi walisikia mlio nje. Lilikuwa guruneti, limerushwa nyuma ya ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Wakafanya ambacho mimi na wewe tungefanya. Wakaacha kazi, wakasukuma viti, wakaenda dirishani kuchungulia. Muda si muda bomu lililokuwa kwenye lori likalipuka, na vioo vya madirisha yale yale vikawaingia machoni.

Miaka yote hii sijaizoea habari hiyo. Udadisi wa kawaida wa binadamu ndio uliowapofusha.

Kila Agosti tunasomewa hesabu: Nairobi 213, Dar es Salaam 11, jumla 224. Kisha, kwa pumzi ileile, "na maelfu ya majeruhi". Neno hilo majeruhi linanichoma. Linasikika kama mtu aliyefungwa bandeji akarudi nyumbani kula chakula cha mchana. Hao ni watu zaidi ya 4,000, na wapo walioanza upya ukubwani: kushika fimbo nyeupe, kusoma kwa vidole, kuongozwa mkono na mtoto ambaye jana yake ndiye alikuwa akivushwa barabara. Wapo waliokaa miaka na chembe za vioo mwilini.

Jengo la Ufundi, lililokuwa ubavuni mwa ubalozi, liliporomoka lote. Humo mlikuwa na chuo cha makatibu muhtasi. Wengi wao walikuwa mabinti ambao wazazi wao walijinyima ili wapate ujuzi wa kuajiriwa mjini. Vita ya Osama bin Laden na Marekani iliwahusu nini? Waliolituma lile lori walisema wanapigana na Wamarekani, lakini kati ya wale 213 Wamarekani walikuwa 12. Waliobaki karibu wote ni watu wa hapahapa, Wakristo kwa Waislamu, na ilikuwa Ijumaa. Anayeniambia kitendo kile kilikuwa cha kutetea dini, sina la kuzungumza naye.

Huku kwetu Dar, dakika chache tu zikiwa zimepachana na mlipuko wa Nairobi, lori la pili lilifika ubalozini, Barabara ya Laibon, Oysterbay. Boza la maji lilikuwa getini, likawa limeziba njia, na likapokea sehemu ya kishindo. Hakufa Mmarekani hata mmoja. Walikufa watu wetu, wakiwemo walinzi wa geti, watu waliotoka nyumbani alfajiri kwenda kusimama juani kwa mshahara wa mlinzi. Mara nyingi hawa 11 hutajwa mwishoni mwa sentensi inayoihusu Nairobi. Nadhani sisi wenyewe Watanzania tumechangia kuwaacha hapo.

Haki ya mahakamani ilikuja, kwa kiasi chake. Wanne walihukumiwa kifungo cha maisha New York mwaka 2001, mmoja wao kijana wa Zanzibar, na baadaye Mzanzibari mwingine. Fidia ndiyo iliyoniuma. Mwaka 2020 Sudan, iliyowahi kumhifadhi bin Laden, ilikubali kulipa dola milioni 335. Fedha hizo zilikuwa za waliofungua kesi katika mahakama za Marekani, yaani Wamarekani pamoja na wafanyakazi wa balozi na familia zao. Karani wa benki ya jirani, abiria aliyekuwa kwenye basi, mwanafunzi wa taipu: hao hawakuwamo. Bomu halikuuliza nani kaajiriwa na nani.

Siilaumu Marekani peke yake. Hawa ni raia wa Kenya na Tanzania, na mzigo wao ulipaswa kubebwa kwanza na Kenya na Tanzania. Kila nchi iwe na daftari moja la wazi: nani yu hai, yuko wapi, anahitaji dawa gani, nani anamlipia. Kisha watibiwe bure hadi siku ya mwisho, bila kuombwa vithibitisho upya kila wanapofika dirisha la malipo. Aliyekuwa na miaka 30 asubuhi ile sasa ni mzee anayekaribia 60, na bado kuna anayemshika mkono kumpeleka kliniki.