Posho nazo ni mshahara jamani

Mwandishi, kwenye makala yako umesema waajiri wanaitiwa ukaguzi sababu ya kuchelewesha PAYE, ile kodi mwajiri anayoikata kwenye mshahara, sawa, tarehe 7 ya mwezi unaofuata ikipita faini na riba zinaanza, lakini hiyo mbona ndogo. Balaa lipo kwenye posho. Nimeshika hesabu za kampuni moja ya ujenzi hapa Dodoma, jina silitaji, bosi alikuwa anaandika mshahara laki mbili na sabini kila mtu maana hapo kodi ni sifuri, halafu laki tatu nyingine anaiita posho ya nyumba na nauli, na hiyo hakati kodi. Nikamwambia bosi hii ni mapato ya ajira, akanijibu wewe andika tu. Haya, mwisho wa mwaka kwenye ritani ya kampuni, yaani taarifa ya kodi ya mapato, akataka gharama yote ya mishahara iingie ili faida ishuke, posho humohumo 😂 mkaguzi akaweka ritani pembeni ya PAYE za miezi 12, mishahara hailingani, wala hakuhitaji kuuliza mtu.

Vibarua wa site kule Nala ndo usiseme, wanalipwa keshi kila jumamosi, daftari hakuna, saini hakuna. Na SDL, tozo ya kuendeleza ufundi stadi anayolipa mwajiri, inaanzia wafanyakazi 10, bosi alihesabu wenye mkataba tu, vibarua akawaacha, wakatoka 8.

Deni likaja kwa kampuni siyo kwa wafanyakazi, na wengi walishaondoka zamani sasa utamkata nani