Mgombea mwenza naye aje Tangamano ajibu maswali

Machi 2021 Samia Suluhu Hassan alikuwa ziarani mkoani Tanga kama Makamu wa Rais. Usiku wa tarehe 17 alilitangazia taifa kifo cha Rais John Magufuli, na tarehe 19 akaapishwa kuwa Rais. Hapakupigwa kura nyingine wala chama hakikuitisha mkutano wa kumteua. Kura iliyomfikisha Ikulu ilikwishapigwa Oktoba 2020, na wengi walioipiga Ngamiani, Pongwe au Maramba huku Tanga waliamini wanamchagua mtu mmoja tu.

Msimamo wangu ni huu: katika kampeni za urais nchini mwetu, mgombea mwenza, yaani anayeombewa umakamu wa Rais, hupewa uzito mdogo mno kuliko ule anaopewa na Katiba, na kosa hilo ni la vyama na la sisi wapiga kura pia. Anaposimama kwenye uwanja wa Tangamano hapa Tanga tunampigia makofi kama mgeni aliyekuja kusalimia. Anastahili kuulizwa maswali ya mtu anayeomba urais, kwa sababu ndicho anachokiomba.

Ibara ya 37 ya Katiba inasema Rais akifariki, akijiuzulu au akishindwa kabisa kufanya kazi, Makamu ataapishwa na kumalizia muda wote uliobaki. Hakuna kipindi cha kukaimu kinachofuatwa na uchaguzi mdogo. Rais huyo mpya hushauriana na chama chake, kisha hupendekeza jina la Makamu, na jina hilo linahitaji kura za Wabunge zisizopungua nusu ya Wabunge wote. Hivyo ndivyo Dkt. Philip Mpango alivyoingia mwishoni mwa Machi 2021. Na hivyo ndivyo Dkt. Ali Mohamed Shein alivyopata umakamu Julai 2001, baada ya Dkt. Omar Ali Juma kufariki akiwa madarakani. Mtu yeyote anayedhani mambo haya hutokea nchi nyingine tu aitazame orodha hiyo tena. Tangu 1995 umakamu umeachwa wazi na kifo, urais nao umeachwa wazi na kifo, na mara zote mbili aliyeziba pengo la umakamu hakuwa kwenye karatasi ya kura.

Mfumo wenyewe si wa zamani. Kabla ya mabadiliko ya 11 ya Katiba, yaliyofanywa 1994, Rais wa Zanzibar alikuwa Makamu wa Rais wa Muungano kwa nafasi yake, na Waziri Mkuu akawa makamu mwingine. Vyama vingi viliporudi 1992 likazuka swali gumu: itakuwaje Zanzibar ikimchagua Rais wa chama kingine? Jibu likawa mgombea mwenza. Rais na Makamu wanapigiwa kura moja, wanatoka chama kimoja, na akitoka mmoja Bara, mwenzake lazima atoke Zanzibar. Sharti hilo la Ibara ya 47 naliunga mkono kwa moyo wote. Tanga ina ndugu Pemba na Unguja, na mtu wa pwani hahitaji kuelezwa kwa nini kiti kimoja kati ya viwili vya juu kiwe cha upande wa pili wa bahari.

Ila sharti la upande limegeuzwa kuwa sifa pekee. Chama kikishapata mtu wa upande unaotakiwa, kinaona kazi imekwisha. Tazama 2010. Dkt. Shein alitoka kwenye umakamu akaenda kugombea urais wa Zanzibar. Dkt. Mohamed Gharib Bilal, aliyekuwa akiutaka urais huohuo wa Zanzibar ndani ya CCM na akakosa, akawekwa kuwa mgombea mwenza wa Jakaya Kikwete. Sisemi Bilal hakufaa. Alikuwa amekwishakuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar na alikuwa msomi wa kweli. Nasema uteuzi ule ulikuwa na sura ya kufuta machozi, na mpiga kura hakuelezwa zaidi ya hapo. Mwaka 2015 alipouomba urais wa Muungano, chama chake hakikumuingiza hata katika majina matano ya mwisho. Sasa kama miaka mitano alikuwa hatua moja kutoka kwenye kiti kile, na chama hakikumwona wa kufikiriwa, basi mwaka 2010 tuliombwa tukubali nini hasa?

Uteuzi ninaouona bora kuliko yote ni wa Samia mwaka 2015. Ulitangazwa Dodoma katika siku zilezile za Julai alipopatikana Magufuli, na magazeti yalishika jambo moja tu: mwanamke wa kwanza kuwa mgombea mwenza wa CCM. Habari kubwa ilikuwa nyingine. Alikuwa Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Makamu wa Rais akishughulikia Muungano, kisha mwaka 2014 akawa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba. Aliijua ofisi aliyokuwa akiiombea kura. Mtu anaweza kuwa na maoni yake makali kuhusu utawala wake wa baadaye, hasa baada ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025, ambao CHADEMA na ACT-Wazalendo hawakuwa na mgombea kwenye karatasi ya urais wa Muungano, na uliofuatwa na umwagaji damu ambao nchi hii haijaumaliza moyoni. Hilo halibadili ukweli kwamba mwaka 2015 sifa za kazi zilikuwepo mezani na hakuna aliyeziulizia.

Upinzani nao una funzo lake. Mwaka huohuo wa 2015 vyama vya UKAWA, umoja wa upinzani, vilimsimamisha Edward Lowassa kupitia CHADEMA. Juma Duni Haji, aliyekuwa mgombea mwenza wa Profesa Lipumba wa CUF mwaka 2010, alilazimika kuhamia CHADEMA ili asimame naye, kwa kuwa wawili hao lazima wawe wa chama kimoja. Kisheria ilikwenda sawa. Kisiasa ilimaanisha kwamba mtu ambaye angeweza kurithi urais alikuwa na majuma tu ndani ya chama kilichomsimamisha. Hilo lilihitaji maelezo ya saa nzima jukwaani: angetawala kwa ilani ya nani, na wabunge wa CUF wangemsikiliza kama nani? Halikupata hata dakika kumi.

Mwaka 2005 ulituonyesha kwamba hata kabla ya kura mgombea mwenza anaweza kusimamisha nchi. Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa Freeman Mbowe wa CHADEMA, alifariki siku chache kabla ya 30 Oktoba. Zanzibar ikamchagua Rais wake siku ileile, lakini uchaguzi wa Rais wa Muungano ukasogezwa hadi 14 Desemba. Vyama vilibeba gharama za kampeni kwa zaidi ya mwezi mwingine. Kwa hiyo afya ya mgombea mwenza si umbea. Ni swali halali, na chama makini kinalijibu kabla hakijaulizwa.

Kuna kipengele kingine ambacho wengi hawakifungui. Ibara ya 40 inasema Makamu akirithi urais ukiwa umebaki muda usiofika miaka mitatu, anaweza kugombea mara mbili. Ukiwa umebaki miaka mitatu au zaidi, anagombea mara moja tu. Samia alirithi ikiwa imebaki zaidi ya miaka minne. Hivyo, Katiba ikiachwa ilivyo, 2030 hayumo. Hapo ndipo uteuzi wa Dkt. Emmanuel Nchimbi, uliofanywa na mkutano mkuu maalumu wa CCM Dodoma mnamo Januari 2025, ulipokuwa mzito kuliko mingine. Tulikuwa na miezi tisa ya kumhoji mtu aliyewekwa hatua moja kutoka Ikulu, chini ya Rais asiyeweza kugombea tena. Nchimbi amekuwa mbunge, waziri, balozi na Katibu Mkuu wa chama chake. Mambo ya kumuuliza yalikuwa tele. Miezi ikapita kwa nderemo.

Majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Horohoro walifanya kitu ambacho ningependa tukiige. Tarehe 19 Julai 2022 Wakenya waliwaweka Rigathi Gachagua na Martha Karua jukwaa moja, kwenye mdahalo wa wagombea wenza uliorushwa moja kwa moja. Kwa Kiswahili chetu cha Tanga mtu angesema walianikwa juani. Mdahalo haukumzuia Gachagua kuondolewa madarakani na Seneti Oktoba 2024, lakini maneno yake ya 2022 yalibaki, na kila Mkenya aliweza kuyapima na matendo yake. Sisi hatuna kumbukumbu ya namna hiyo kwa Makamu yeyote wa Rais tuliyewahi kumchagua. Na kwetu Rais hawezi kumfuta Makamu kwa barua kama anavyomfuta waziri. Akishaingia, ameingia.

Sasa aulizwe nini akija Tanga? Hapa ndipo tunapokosea sana. Watu humuuliza bei ya mkonge, barabara ya Pangani, maji ya Handeni. Atasema "tutalishughulikia" na ataondoka salama, maana mambo hayo yana wizara zake. Ofisi ya Makamu wa Rais ina mafungu mawili makubwa, Muungano na Mazingira, na yote mawili yanaigusa Tanga kuliko mikoa mingi.

Tuanze na Muungano. Mfanyabiashara mdogo anayeleta televisheni au friji kutoka Unguja au Pemba, bidhaa iliyokwishalipiwa ushuru Zanzibar, akishuka bandari ya Tanga amekuwa akidaiwa tena. Sababu inayotolewa ni kwamba thamani ya mzigo haikadiriwi sawa pande zote mbili, hivyo huku hudaiwa ile tofauti. Lakini ushuru wa forodha ni jambo la Muungano, na TRA, mamlaka ya mapato, ndiyo inayoukusanya hata Zanzibar. Makamu wa Rais ndiye mwenyekiti wa kamati ya pamoja ya serikali mbili inayozungumzia hoja za Muungano. Kwa hiyo swali liwe jembamba: lini mzigo uliolipiwa bandari ya Malindi, Unguja, utashuka Tanga kwa stakabadhi ileile, na kipi kinazuia, mfumo wa kompyuta au sheria? Anayejibu kwa habari za undugu wa damu tangu 1964 hajajiandaa. Undugu tunao. Tunataka stakabadhi.

Mazingira ni marefu zaidi. NEMC, baraza linalosimamia tathmini za athari kwa mazingira chini ya sheria ya mwaka 2004, liko chini ya ofisi hiyo. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, lenye kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, ng'ambo tu ya mji wetu. Bahari hiyohiyo ina Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa 2009 kwa ajili ya samaki ambaye dunia iliwahi kudhani ametoweka. Mgombea mwenza aulizwe: mafuta yakimwagika wakati meli inapakia, nani anafika kwanza, na vifaa gani, kutoka wapi? Nani anamlipa mvuvi wa Chongoleani au Kigombe siku ambazo bahari imefungwa, na kwa utaratibu upi? Aliyesoma atataja mpango wa dharura na mamlaka zinazohusika. Asiyesoma atazungumzia ajira.

Baruti za kuvulia nazo aulizwe, ingawa hapo lazima tumtendee haki: uvuvi una wizara yake na mikoko iko kwa TFS, wakala wa misitu. Swali lake ni lile la juu, yaani nani anaziunganisha ofisi hizo mbili na yake zinapotegeana. Aulizwe pia kuhusu bahari inayokula ukingo wa Pangani, ambako ukuta umejengwa chini ya usimamizi wa ofisi hiyohiyo: ukarabati wake uko kwenye bajeti ipi?

Njia za kumfikia zipo, ila zina muda wake. Kwa maadili ya uchaguzi mikutano hufungwa saa 12 jioni, na msafara wa mgombea mwenza hupita wilaya mbili au tatu kwa siku. Akifika Tangamano saa 10, na wagombea ubunge na udiwani wakinadiwa kwanza, hubaki na nusu saa au chini yake. Maswali ya mdomo hapo hayafiki. Ratiba za kampeni za urais hupangwa na Tume ya Uchaguzi pamoja na vyama kabla filimbi haijapulizwa, kwa hiyo siku yake Tanga hujulikana mapema. Maswali yaandikwe, yasizidi matano, yapelekwe ofisi ya chama ya wilaya wiki moja kabla, na nakala ipewe redio za mkoa. Redio ndiyo yenye meno: chama kinaweza kupoteza karatasi, lakini hakipendi mtangazaji asome swali hewani kisha aseme bado jibu linasubiriwa.

Kuna mlango wa mapema zaidi. Kila mgombea urais anahitaji wadhamini wasiopungua 200 waliojiandikisha kupiga kura katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, na miwili kati ya hiyo iwe ya Zanzibar. Fomu hiyo inapofika Tanga, chama ndicho kinachomhitaji mpiga kura, na wakati huo hakuna muziki wala kofia za bure. Kabla hujaweka jina lako, uliza jina la mgombea mwenza na kazi aliyoifanya, na akija mkoani utampata wapi kwa dakika 15. Wakishindwa kujibu, mwambie aliyeleta fomu arudi akiwa na jibu.