Mwanga Usiorudi Nyuma: Unalindwa Dhidi ya Nini?

Juzi baada ya Alasiri, penye baraza moja ya Mkomani hapa Lamu, fundi wa faiba alikuwa akiunga waya uliokatika. Aliuchuna, akaufuta kwa spiriti, akaukata ncha, akaulaza ndani ya mashine. Kwenye kioo zikaonekana nyuzi mbili zikitafutana, cheche ikawaka, nambari ikatokea: 0.02. Hiyo ni desibeli, kipimo cha mwanga uliopotea kwenye kiungo.

Kijana wa mtaani anayesoma fizikia chuoni alikuwa ameketi kando. "Ami, siku hizi kuna mwanga usiorudi nyuma hata ukikuta ufa. Mwisho kazi hii itakuwa haina haja." Fundi hakuinua macho. "Mwanangu, nanga ya meli ikikata waya baharini, huo mwanga wako utapita wapi?"

Swali lile limenikaa, maana kila mmoja ana lake la kweli.

Anachokizungumzia kijana huitwa fotoniki ya kitopolojia; fotoniki ni elimu ya kuongoza mwanga. Topolojia ni hesabu ya maumbo yasiyobadilika asili yake hata yakibonyezwa. Kikombe cha chai chenye mkono na bangili ni jamaa moja, kwa kuwa kila kimoja kina tundu moja. Kikombe chetu cha kahawa chungu hakina mkono, basi huwezi kukifinyanga kiwe bangili mpaka ukitoboe. Idadi ya matundu ni nambari kamili. Haiongezeki robo wala nusu.

Nambari za namna hiyo zilionekana kwenye umeme mwaka 1980, Klaus von Klitzing alipopima elektroni ndani ya sumaku kali, na baadaye David Thouless na wenzake wakaeleza kwa nini ni kamili. Kwenye ukingo wa mata ile, elektroni huenda upande mmoja tu. Mwaka 2005 Duncan Haldane na Srinivas Raghu wakauliza: kwa nini iwe elektroni pekee, isiwe mwanga pia? Andiko lao lilichapishwa 2008, na mwaka uliofuata watafiti wa MIT, chuo cha Marekani, wakalionyesha wazo hilo kwa mawimbi ya mikrowevu, kwa vijiti vya feriti, mata inayoitikia sumaku, vilivyowekwa ndani ya sumaku. Walipoweka kizuizi cha chuma njiani, wimbi lilikizunguka likaendelea. Ni kama jahazi za zamani wakati wa kaskazi: ukikuta mwamba unauzunguka, lakini kurudi Bara Hindi huwezi mpaka upepo wa kusi uvume.

Hapo ndipo kijana alipopendezwa, nami simlaumu. Ni jambo zuri ajabu.

Tatizo linaanza tunapotoka kwenye mikrowevu kwenda kwenye mwanga wa faiba. Kwa mitetemo ya kasi ya mwanga huo, mata huitikia sumaku kidogo mno, na baadhi yake huumeza mwanga wenyewe. Watafiti wakatafuta njia zisizohitaji sumaku: mwaka 2013 kundi moja lilichora kwa leza njia zilizosokotwa ndani ya kioo, jingine likapanga vijipete vya silikoni. Kisha ikaja njia iliyopendwa kuliko zote kwa urahisi wake, ile ya "mabonde": bamba la silikoni lenye vitobo vya pembetatu, upande mmoja vimeelekea huku, upande wa pili vimegeuzwa, na mwanga hupita kwenye mpaka wao.

Njia ya mabonde ina mafanikio ya kweli. Mwaka 2020 watafiti wa Singapore na Osaka walipitisha mawimbi ya terahezi, yaliyo kati ya mikrowevu na mwanga, kwenye chipu ya aina hiyo, yakakata kona kali 10, wakatuma gigabiti 11 kwa sekunde. Lakini pasipo sumaku, kila njia ya kwenda ina pacha wake wa kurudi. Kinachoutenga mwanga na pacha huyo ni mpangilio wa vitobo tu. Vikikosewa kwa nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), mwanga unaweza kuvuka ukageuka. Mwaka 2023 kundi la Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark lilipima jambo hili kwa mwanga wa mawasiliano, ule wa faiba, likakuta mwanga unarudi kwa wingi, wala halikuona dalili ya ulinzi dhidi ya kasoro za kawaida za utengenezaji. Kwangu mimi kipimo hicho kina uzito kuliko michoro mingi ya kompyuta.

Fundi naye? Faiba yake hupoteza takriban desibeli 0.2 kwa kilomita. Njia ya kawaida ya silikoni ndani ya chipu huweza kupoteza desibeli 2 kwa sentimita moja, sawa na kilomita 10 za faiba. Basi elimu hii mahali pake ni ndani ya chipu, si chini ya bahari. Mei 2024, EASSy na Seacom, nyaya za intaneti za chini ya bahari, zilipokatika na intaneti yetu ikazorota, hakuna topolojia ambayo ingeziunga. Tena mwanga ukimezwa na mata, au ukivuja juu ya bamba, topolojia haiuzuii.

Hata hivyo siwezi kumwambia kijana aache. Leza ya kitopolojia iliyoonyeshwa 2018, yenye vijipete 10 kwa 10, iliwaka kwa pamoja kwenye ukingo hata ilipotiwa kasoro kwa makusudi, bila sumaku yoyote. Hapo naona faida inayopimika, na ndipo ningeweka fedha za utafiti kama ningekuwa nazo.

Kijana amerudi chuoni wiki hii. Nimemwomba akianza mradi wake aanze na lile bamba la silikoni: vitobo vingapi vinaweza kukosewa, na kwa nanomita ngapi, kabla mwanga haujageuka.