Mabuti ya Mawenzi

Wenzangu kazini walipoanza kuchangishana kwenda Kilimanjaro, niliwaambia mapema: Kibo, kilele chake kirefu zaidi, waachieni watu wa picha. Kila mtu anataka afike Uhuru, ncha ya Kibo, mita 5,895, ashikilie ubao, apigwe picha, ashuke aiweke kwenye wasifu wake wa simu. Mimi nilikuwa na Mawenzi moyoni, kilele cha pili cha mlima huo huo. Mita 5,149, miamba mitupu iliyochongoka, na waliowahi kuikanyaga ncha yake ni wachache. Hata Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kibo mwaka 1889, aliijaribu Mawenzi akashindwa kufika juu kabisa. Waliofika ni Wajerumani wawili, Oehler na Klute, mwaka 1912. Halafu ncha yenyewe ikapewa jina la Meyer! Ukiwa mfanyakazi wa ofisini, hadithi hiyo inakuchoma.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ni mpagazi kule Marangu. Alinipigia simu kunieleza kwamba watalii wa kawaida hawaruhusiwi kuikwea Mawenzi. Kunatakiwa kamba na utaalamu, mwamba wenyewe unameguka ovyo, na wengi huishia kuutazama kwa mbali wakiwa kambi ya Horombo. Nikamshukuru sana, nikakata simu, nikaenda kununua mabuti.

Niliyapata Jumamosi kwenye mnada wa Msalato, hapa Dodoma. Watu wengine huenda Msalato kwa ajili ya nyama ya mbuzi, na ningekuwa na akili ya tumbo siku hiyo ningeishia huko huko kwenye moshi. Lakini macho yaliangukia mabuti ya rangi ya chungwa kwenye turubai la mitumba. Plastiki ngumu tupu, yanafika karibu na goti, kila moja lina vifungo vinne vya chuma.

"Bosi, haya ni ya theluji," akasema muuzaji. "Kilimanjaro kuna theluji, hakuna theluji?"

"Ipo."

"Sasa tunabishana nini?"

Kwa kweli hatukuwa tunabishana. Nikalipa. Mke wangu aliyageuza geuza, akauliza kama yana ufunguo.

Mazoezi yalikuwa Jumapili alfajiri, Mlima Simba, ule wa mawe unaoutazama mji wa Dodoma. Wenzangu walikuja na raba. Mhasibu wetu, mama mtu mzima, alivaa za mwanawe wa kidato cha pili. Nikawahurumia. Tukiwa bado chini niliwapa somo fupi: ukishapita msitu na vichaka vya juu, kuanzia kama mita 4,000 unaingia jangwa la mlimani, mvua haba, mchana jua linakubabua, usiku maji yanaganda kwenye chupa. Kwa mazingira hayo huendi na raba ya mtoto. Mhasibu akaniuliza kwa upole kwa nini nimesimama nimeinama mbele. Nikamwambia ndivyo mabuti yalivyoundwa, yanakusukuma kwenda juu.

Na kweli yalinisukuma. Kupanda nilikwenda vizuri kuliko wote, goti limekunjika, uso uko karibu na jiwe, naona kila mdudu. Shida ya Dodoma ni kwamba ukipanda lazima ushuke.

Wenyeji mnaijua ile miamba: jiwe pana, laini, juu yake changarawe. Plastiki na jiwe havina undugu. Hatua ya kwanza ya kushuka nilianza kuondoka nikiwa nimesimama wima. Niliwapita wenzangu mmoja mmoja. Mhasibu alinipungia mkono, akidhani nina haraka ya ibada. Mbele kidogo nikakalia makalio, suruali ikabaki nyuma kwa vipande, na safari ikaishia kwenye ufa kati ya mawe mawili, mguu wa kulia ndani, vifungo vyote vinne vimetazama ukutani.

Walinivuta kwa mikono, wakanivuta kwa mshipi, wakashauriana kunivuta kwa pikipiki. Pimbi watatu walitoka mwambani wakakaa kutazama.

Ndipo akaja bibi mmoja na mzigo wa kuni kichwani, miguuni katambuga za tairi, anashuka pale pale niliposhukia bila hata kuangalia chini.

"Mbukwenyi!" akatusalimu kwa Kigogo. Tukaitikia. Akanitazama kuanzia juu hadi kwenye chuma. "Mjukuu wangu, umefungwa kwa kosa gani?"

Nikamweleza kwamba ni mabuti ya Mawenzi.

"Simjui. Akija mwambie aje na ufunguo." Akatua kuni, akachomoa kishoka, akageuza mpini, akaanza kupenyeza na kutwanga. Wachaga wanasimulia kwamba Mawenzi alikuwa akizima moto wake makusudi ili aende kwa Kibo kuomba makaa ya moto na ndizi, mpaka Kibo akachoka, akamtwanga kwa mchi, ndiyo maana leo amechongoka vile. Nilikuwa naisimulia hadithi hiyo kwa kicheko. Pigo moja kati ya manne lilipata kifungo; matatu yalinipata mimi.

Mguu ulichomoka na soksi. Buti lilibaki ufani, na nadhani pimbi wamelihamia. La kushoto nilipoligusa tu lilifunguka lenyewe, labda lilikiona kishoka. Nikashuka kwa soksi, kiunoni nimejifunga kanga ya mhasibu iliyoandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio". Bodaboda aliisoma kwa sauti taa zote nyekundu.

Jioni nilimtumia shemeji picha ya lile buti la kushoto. Akapiga simu, nasikia anajizuia.

"Shemeji, kwa heshima zote, hayo si ya kupandia. Wazungu huyavaa kuteleza kwenye theluji, kutoka juu mpaka chini."

"Basi ni mazima kabisa," nikamwambia. "Mimi nimeteleza bila hata theluji."