Kukiri Kosa Usilolitenda ili Yaishe?

Mwanafunzi wa chuo anapoitwa na mhadhiri na kuambiwa kwamba kazi aliyowasilisha si yake, mara nyingi huwekewa njia mbili hata kabla hajaelewa anashukiwa kwa lipi hasa. Akikiri, atapewa sifuri katika kazi hiyo moja na jambo litaishia ofisini. Akikana, shauri litapelekwa kwenye kamati ya nidhamu, ambako adhabu yaweza kufikia kusimamishwa masomo au kufukuzwa. Kwa aliyedanganya kweli, njia ya kwanza ni nafuu. Ugumu uko kwa yule ambaye hakudanganya.

Wanaomshauri akiri hawakosi hoja. Kamati nyingi hazitumii kipimo cha mahakama ya jinai, kinachodai kosa lithibitishwe bila kuacha shaka. Huridhika zikiona kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi wa kosa kutendeka kuliko kutotendeka. Shauri laweza kuchukua miezi huku matokeo yamezuiwa, na si kila mtu ana ubavu wa kusubiri. Isitoshe, mhadhiri si lazima awe adui: mtindo wa uandishi uliobadilika ghafla kati ya kazi moja na nyingine ni sababu halali ya kuuliza, nao wanafunzi wengine wana haki ya kuona kwamba alama zao hazishindanishwi na za wadanganyifu.

Hata hivyo, nafuu hiyo ina deni lake. Kukiri huwekwa kwenye jalada, na tuhuma nyingine ikizuka baadaye, hata kama nayo haina msingi, huchukuliwa kuwa ya mkosaji anayerudia. Kudai wakati huo kwamba ulikiri kwa hofu ni vigumu mno kuaminika. Kwa hiyo, naona kukiri kosa usilolitenda ni biashara mbaya karibu kila mara, isipokuwa pale ambapo kanuni za chuo zinasema wazi, kwa maandishi, kwamba makubaliano hayo hayataacha kumbukumbu.

Hoja ya kukana imepata nguvu zaidi tangu vyuo vilipoanza kutegemea programu zinazodai kutambua maandishi ya akili mnemba. OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, ilitoa programu yake ya aina hiyo Januari 2023 na kuiondoa Julai mwaka huohuo kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Agosti 2023, Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Marekani kilizima kitambuzi cha akili mnemba cha Turnitin, mfumo wa kukagua kazi zilizonakiliwa, baada ya kupiga hesabu rahisi: kilikuwa kimepitisha kazi 75,000 katika mfumo huo mwaka 2022, hivyo hata kosa la asilimia 1 lingewatia hatiani waandishi wa kazi zipatazo 750 isivyo haki. Watafiti wa Stanford nao walionyesha mwaka 2023 kwamba vitambuzi saba walivyovijaribu, kwa wastani, vilizihesabu zaidi ya nusu ya insha za watu wasiozaliwa na Kiingereza kuwa zimeandikwa na mashine.

Hapo ndipo watuhumiwa wengi hujikwaa, kwani kuonyesha kwamba programu hukosea si sawa na kuonyesha kwamba wewe ndiye uliyeandika. Wapo wanaosema mwenye kutuhumu ndiye athibitishe, na kwamba anayekimbilia kujitetea anaukubali mzigo usio wake. Kikanuni wana haki, lakini msimamo huo humwachia mhadhiri awe msimulizi pekee mbele ya kamati. Lililo bora ni kukana kwa barua fupi yenye adabu, kuomba nakala ya ushahidi na kifungu kinachodaiwa kuvunjwa, kisha kukusanya rasimu, madondoo na historia ya mabadiliko ya faili bila kugusa chochote ndani yake. Kujitolea kuhojiwa ana kwa ana kuhusu kazi hiyo nako kuna uzito, ingawa mtu mwenye woga aweza kubabaika mbele ya jopo hata kwa jambo alijualo vizuri.

Kunyamaza ukitumaini kwamba ukweli utajitokeza kwenye rufaa ni hatari zaidi. Katika vyuo vingi rufaa si kusikilizwa upya. Hupokelewa pale tu utaratibu ulipokiukwa, adhabu ilipozidi kosa, au ushahidi mpya ulipopatikana, na rasimu uliyokuwa nayo tangu siku ya kwanza bila kuionyesha haihesabiwi kuwa ushahidi mpya.