Ndege 158, kisha ikawaje?

Wapenzi wa historia ya vita wana ugonjwa mmoja wa kuhesabu. Ukitaja rubani Mjerumani wa Vita vya Pili vya Dunia tu, swali la kwanza ni alidungua ndege ngapi. Kwa Hans-Joachim Marseille jibu ni 158, na 151 kati ya hizo zinasemekana kuanguka katika jangwa la Libya na Misri. Wapo waliomzidi mbali, akiwemo Erich Hartmann mwenye 352, ila wengi wao walipata hesabu zao upande wa Urusi. Dhidi ya Waingereza na washirika wao, hakuna aliyedai nyingi kuliko Marseille. Ndiyo maana propaganda ya Berlin ikambatiza Nyota wa Afrika. Afrika yenyewe, bila shaka, haikuulizwa.

Sibishi kwamba alikuwa fundi. Ninachobisha ni kwamba ufundi ule uliisaidia Ujerumani kiasi tunachoaminishwa.

Mwanzo wake haukuwa wa kutisha. Alizaliwa Berlin mwaka 1919, mtoto wa afisa wa jeshi. Mwaka 1940 alipigana juu ya Uingereza, akahesabiwa ndege saba huku naye akipoteza zake kadhaa. Nidhamu haikuwepo: wanawake, usiku mrefu, dharau kwa wakubwa. Johannes Steinhoff, aliyekuwa mkuu wake kwa muda, alimwondoa kikosini. Akapokelewa na JG 27, kikosi kingine cha ndege za kivita, chini ya Eduard Neumann, mtu mwenye subira, na Aprili 1941 wakatua Libya. Tarehe 23 ya mwezi huo alipata ushindi wake wa kwanza Afrika, na siku hiyohiyo akadunguliwa na James Denis, Mfaransa aliyekuwa akirusha ndege ya kivita ya Hurricane upande wa Waingereza. Mwezi uliofuata Denis huyohuyo akamdungua tena! Jambo hili mashabiki wake hulipita haraka sana.

Baadaye ndipo alipojifunza. Ndege za Washirika zikishambuliwa zilikuwa na desturi ya kuzunguka kwa duara, kila moja ikilinda mkia wa iliyo mbele yake. Marubani wengi wa Kijerumani walilikwepa duara lile au walipita juu kwa kasi na kuondoka. Marseille aliingia ndani yake, akapunguza mwendo, akapinda kona kali, na kupiga risasi mahali ambapo adui angekuwa sekunde inayofuata. Tarehe 3 Juni 1942 alidai ndege sita za aina ya Tomahawk za kikosi cha 5 cha Afrika Kusini ndani ya dakika kumi na moja hivi. Ni kweli pia kwamba ndege yake, Messerschmitt, ilipanda juu vizuri kuliko Tomahawk na Kittyhawk za Washirika, kwa hiyo mara nyingi yeye ndiye aliyechagua saa ya kuanza ugomvi na saa ya kuumaliza.

Sasa itazame ile 158 kwa karibu. Karibu zote zilikuwa ndege ndogo za kivita. Za mabomu hazizidi nne. Tarehe 1 Septemba 1942 alidai ndege 17 kwa siku moja, hesabu ambayo bado inabishaniwa. Siku hiyo, chini yake, jeshi la Rommel, jenerali wa Kijerumani, lilikuwa limekwama Alam el Halfa, Misri, bila mafuta ya kutosha, likipigwa mchana na usiku na ndege za mabomu za Washirika. Siku hizohizo Marseille akatunukiwa almasi za Msalaba wa Knight, nishani kubwa ya kijeshi ya Ujerumani, na Rommel akaanza kurudi nyuma. Mtu anaweza kushinda kila pambano na bado asiguse jambo linaloamua vita. Kosa si la kijana wa miaka 22 peke yake. Ni la jeshi zima lililokuwa likigawa nishani kwa hesabu, huku wenzake kikosini wakigeuka walinzi na mashahidi wa mawindo yake.

Tarehe 30 Septemba, akirudi kutoka safari ambayo hakukutana na adui, injini ya ndege yake mpya ilishika moto na moshi ukajaa chumba cha rubani. Aliruka, akagongwa na mkia wa ndege yake mwenyewe, mwavuli haukufunguka. Alianguka kusini mwa Sidi Abdel Rahman, Misri. Kikosi chake kikaondolewa vitani kwa muda, kwa sababu watu walikuwa wamevunjika moyo. Kikosi kinachosimama kwa mtu mmoja ndivyo kinavyoanguka.

Kuna sehemu ya hadithi hii inayoniudhi kuliko hesabu. Mji wa Tobruk, Libya, ulipoanguka mikononi mwa Wajerumani Juni 1942, miongoni mwa maelfu ya mateka alikuwemo Koplo Mathew Letulu, Mwafrika mweusi kutoka Afrika Kusini. Serikali yake ilikuwa imemkataza mtu kama yeye kubeba bunduki hata vitani. Marseille alimchukua awe msaidizi wake, na inasimuliwa kwamba walikuwa marafiki wa kweli. Basi kila anayetaka kumsafisha Marseille na uchafu wa Unazi humleta Letulu kama shahidi: tazameni, alimpenda Mwafrika!

Inawezekana walipendana. Lakini mmoja alikuwa mateka na mwingine afisa wa jeshi lililomteka. Letulu alipika na kufua, na kama angekataa, angerudishwa kambini nyuma ya waya. Mtu aliyedharauliwa na wakubwa wake mwenyewe, kisha akatekwa, alitumia akili kuishi. Kwangu mimi huo ni uhodari usiohitaji kuwa pambo kwenye wasifu wa mtu mwingine. Kuhusu Marseille, kusikiliza jazi iliyochukiwa na Wanazi na kuwa mkaidi kwa makamanda hakumfanyi mpinzani wa Hitler. Aliupigania utawala ule hadi siku ya kufa, na nishani zake alizipokea.

Ujerumani yenyewe ilichukua muda mrefu kulikubali hilo. Kambi ya jeshi la anga huko Appen, karibu na Hamburg, ilibeba jina lake kwa miongo kadhaa, hadi mwaka 2021 ilipopewa jina la Jürgen Schumann. Huyu naye aliwahi kuwa rubani wa jeshi, lakini anakumbukwa kama kapteni wa ndege ya abiria ya Lufthansa, shirika la Ujerumani, iliyotekwa mwaka 1977. Aliuawa na watekaji Aden, Yemen, kabla ndege haijaendelea hadi Mogadishu, ambako abiria wake waliokolewa. Schumann hana hata ndege moja ya kuhesabiwa, na sioni jeshi lile lingeweza kuchagua vizuri zaidi.