Vishika wambea

Mwenyekiti wa mtaa wetu alisema amenichagua mimi kwa sababu nafundisha Kiswahili. Mkewe ndiye aliyekuja kunipasulia ukweli baadaye, kwamba watu watatu walikuwa wameshakataa na wa nne alizima simu.

Ilikuwa Agosti 2022, kama wiki mbili kabla ya sensa. "Jiandae kuhesabiwa" ilikuwa kila mahali: redioni, kwenye mabango, mpaka kwenye meseji unazofungua mbio ukidhani umetumiwa hela. Milango yetu ilikuwa imeshabandikwa vibao vya namba za anwani za makazi. Kibao cha bibi yangu kilifunikwa kanga tangu siku ya kwanza, maana hakuona kwa nini mpita njia ajue namba yake.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Nipande bajaji yenye spika ya honi juu, nizunguke Ngamiani, hapa Tanga mjini, jioni mbili, nisome tangazo, nirudi nikale. Ila tangazo niliandika mwenyewe, na hapo ndipo nilipojiponza.

Mtu mwenye akili zake angeandika: "Jamani eeh, wa sensa wanakuja kuanzia Jumanne, tarehe 23. Wakipiga hodi wafungulieni." Mimi nikaona nikisema hivyo wanafunzi wangu watanicheka. Nikaandika: "Ndugu wananchi, makarani watapita kaya kwa kaya wakiwa na vishikwambi kwa ajili ya kujaza dodoso. Kila mkuu wa kaya aandae taarifa za watu wote watakaolala katika kaya yake usiku wa kuamkia siku ya sensa." Niliisoma mara mbili mbele ya kioo. Niliipenda, sikufichi.

Kishikwambi ni ile tableti waliyokuja nayo makarani. Neno halina ubaya wowote ukiliona kwenye karatasi. Lakini wakati ule mtaani kwetu lilikuwa geni, na lilikuwa linapita kwenye spika iliyopasuka, juu ya bajaji, kwenye barabara ambayo kila shimo linadai silabi yake. Lilikuwa halifiki zima. Lilifika "vishika-wambe", halafu shimo, halafu kila mtu akalimalizia kwake.

Nilipita barabara ya 11 nikaona akina mama waliokuwa kibarazani wanasuka ukili wamenyamaza wote kwa pamoja, mikono hewani. Nikadhani tangazo limewaingia. Nikamwambia dereva apunguze mwendo, nikarudia sehemu ile ile kwa sauti ya juu zaidi.

Asubuhi nikapita kwa bibi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba." Kisha kimya.

Bibi yangu si mtu wa kimya. Ukimwamkia tu, kabla hujavua viatu umeshajua nani kaachika, nani kanunua friji ya mkopo na nani anamdai nani.

"Habari za hapa?"

"Nzuri."

"Na majirani?"

"Majirani! Mimi na majirani tuna nini?"

Nikamwekea mkono kwenye paji la uso nikijua ni malaria. Akauondoa, akachungulia mlangoni, akarudi akaninong'oneza sikioni: "Mjukuu wangu, hivi kweli ni wewe unayezunguka kuwaletea watu vishika wambea?"

Ikanibidi nikae. Kumbe usiku mmoja ulitosha. Mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba serikali imeleta mashine ya mkononi yenye kioo, na kwamba ukiwa umemsema mwenzio, kioo kinawaka. Makarani watapita nazo nyumba hadi nyumba, na wakishakushika unatozwa faini. Mwaka mmoja nyuma zilikuwa zimekuja tozo za miamala ya simu, kwa hiyo habari ya kutozwa hela kwa kitu kingine cha mdomoni haikumshangaza mtu.

"Nani kakwambia habari za faini?"

"Sisemi," akajibu. "Nikisema si ndiyo umbea wenyewe?"

Nikajaribu kueleza, nikazidi kuharibu. Akaniuliza hayo madodo tunayokwenda kuwajazia watu tumeyatoa wapi mwezi wa nane. Nikamwambia dodoso si embe dodo, ni maswali. Akasema maswali yanaitwa maswali. Tukaja kwenye kaya. Sisi kwa bibi ni Wadigo, na kwa Kidigo kaya ni nyumbani, kwenu hasa. Bibi kaolewa mjini kabla mama yangu hajazaliwa, lakini mpaka leo akisema anakwenda kaya ujue anakwenda kijijini. "Mkuu wa kaya ni kaka yangu, na yuko Moa," akasema. "Kama mna lenu la kumuuliza, nauli mnayo." Kuhusu kuhesabiwa hatukufika mbali. Bibi huyo ukimuuliza ana watoto wangapi anakujibu "tumejaaliwa", na siku zake hataki zihesabike, sembuse yeye mwenyewe.

Kwa siku tatu vibaraza vyetu vilikaa kama tunasubiri maiti itoke hospitali ya Bombo. Watu walikunywa kahawa wakazungumza mpira wa Coastal Union tu, na wenyewe kwa tahadhari, wakiusifu uwanja. Msusi wa nyumba ya pili alisuka kichwa kizima bila kusema neno, mteja akatoka analia kwamba kakasirikiwa. Siku ya nne mwenyekiti aliniita.

"Mwalimu, sijui umesema nini, lakini mke wangu hajanisema tangu Jumatano. Naogopa."

Akaitisha mkutano Jumamosi alasiri, chini ya mkungu karibu na ofisi ya mtaa. Watu walijaa kuliko siku ya kugawa vyandarua. Nikasimama, nikaomba radhi, nikatamka taratibu: ki-shi-kwa-mbi. Nikaazima simu kubwa ya kijana mmoja nikaiinua juu. Kitu kama hiki ila kipana, kinaandika majibu ya sensa, hakimshiki mbea wala mmbeya.

Kwanza kimya. Kisha kigelegele kimoja kutoka nyuma, kisha vingi, kisha wakageukiana wote kwa mara moja. Siku tatu za maneno zilitoka pale pale. Mwenyekiti alipiga meza kwa kiatu ndipo wakatulia.

Ningekaa hapo ningekuwa mtu mwenye heshima zake leo. Lakini mwalimu akishika ubao hauachi. Nikauliza: "Kuna mwenye swali?"

Kijana wa bodaboda akauliza kama mtu usiku huo akiwa gesti ataandikwa wapi. Nikamjibu kwamba walio gesti, hospitali na safarini watahesabiwa usiku ule ule, hapo hapo walipo. "Hapo hapo gesti?" Hapo hapo. Nikaona wanaume kadhaa wanatazama chini kwenye kandambili zao.

Kisha akanyoosha fimbo mzee mmoja anayeheshimika sana, mwenye wake watatu na nyumba tatu: moja hapa kwetu, moja Makorora, moja Mikanjuni.

"Mwalimu, mimi nihesabiwe mara tatu?"

"Hapana, Babu. Mara moja tu, pale utakapolala usiku wa kuamkia Jumanne."

Jibu sahihi. Ndivyo ilivyokuwa kweli. Kisha mdomo wangu, bila kuniuliza, ukaongeza mfano:

"Kwa mfano, Babu, Jumatatu usiku zamu ni ya nani?"

Upande wa akina mama sauti mbili zikajibu pamoja: "Kwangu." Ya tatu haikutoka, kwa sababu mwenye nayo alikuwa ameshainuka anajifunga kanga kiunoni.

Babu alinitazama muda mrefu. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananitazama kama mtu anayekariri sura kwa ajili ya siku nyingine. Mwenyekiti akafunga mkutano kwa dua ambayo haikuwamo kwenye ratiba.

Mwishoni mwa Oktoba walipotangaza kwamba Watanzania tumefika 61,741,120, wapo waliobisha. Mimi sikubisha hata tarakimu moja, kwa kuwa niliona mtaa wetu ulivyohesabiwa.

Karani alifika kwa bibi Alhamisi, binti mdogo mwenye kizibao, kijasho kinamtoka. Bibi hakuja mkutanoni kwa ajili ya goti, na maelezo yangu alikuwa hajayakubali. Binti akaamkia, akakaribishwa mkekani, akatoa kishikwambi. Akakigusa, kioo kikawaka.

Bibi akarudi nyuma. "Mbona kimewaka na sijasema kitu?"

"Ndivyo kilivyo, Bibi. Kinasubiri wewe useme."

"Nikisema, kinaandika?"

"Kila kitu, Bibi."

"Na kinafika huko juu, serikalini?"

"Kinafika."

Nilimwona anafikiri. Siku zote zile alikuwa amekiogopa kwa sababu alijiona ni wa kushikwa. Haikuwa imempitia akilini kwamba kinaweza kushikwa upande wake. Akavuta kigoda, akakaa vizuri, akajifunga ushungi upya.

"Haya. Uliza, mwanangu."

"Usiku wa kuamkia Jumanne, nani walilala hapa?"

"Mimi na huyu." Akaninyooshea kidole. "Si mkuu wa kitu chochote, mwandike hivyo. Nyumba ya mbele walilala watano, lakini watakwambia wanne. Huyo wa tano kaja Jumapili na sanduku, na si binamu."

"Bibi, nyumba ile nitaipitia mwenyewe."

"Utaikuta imefungwa. Andika. Nyumba ya msusi, yeye na watoto. Mume yuko Pangani na usiulize anafanya nini, nitakwambia mwenyewe."

Binti akanigeukia kuomba msaada. Nikatazama dari.

"Na yule mzee wa nyumba tatu," bibi akaendelea, sauti imeshuka, amekisogelea kile kioo kana kwamba kinasikia kwa sikio, "usijisumbue Makorora wala Mikanjuni. Hata hapa hakulala. Alilala kwa dada yake Pongwe. Nilimwona kwa macho yangu saa mbili usiku anapanda daladala, na mto wake kwapani."